Shariffa na Neno la Malak

Mchana, baada ya sala ya adhuhuri, nyumba yetu ya Darsait, hapa Maskati, hunyamaza. Kiyoyozi kinavuma. Nnalala upande wangu wa kitanda na upande wa pili nnauacha. Hapo ndipo Shariffa anapokuja. Si ndoto khasa, maana nnasikia magari chini barabarani. Anakuja kama alivyokuwa akirudi kazini: anavua viatu mlangoni, anaweka mkoba, anasema "miguu yangu". Nikifungua macho hayupo. Nikifumba, yupo.

Miezi minane sasa tangu tumzike.

Mwanangu Thabit aliniambia, baba, mwandike mama. N'kamwambia mimi mtu wa usukani, kalamu si yangu. Skuli sikwenda. Herufi nilizipata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na kuziunga alinifunza Shariffa mwenyewe, juu ya meza ya kulia. Thabit akasema andika hivyo hivyo. Basi.

Sitaandika yote. Nitaandika kazi yake ya mwisho, na siku moja.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Alikuja Maskati na wazee wake miaka ya sabini, msichana wa miaka kumi na saba, Kiarabu chake hakitoshi kununulia kitunguu. Akakisoma vitabuni mpaka kikawa kizuri kuliko cha waliozaliwa nacho. Akawa muuguzi wa watoto. Miaka thelathini na kitu aliwapima, akawachoma sindano, akawagombeza mama zao. Mimi nilikuwa dereva wa wizara. Tulizaa watatu, wakakua, wakahama.

Alipostaafu nilidhani tutakaa tunywe chai. Akakaa wiki mbili. Ya tatu akapigiwa simu.

Mahakama moja ya familia, sitaitaja, ilikuwa imeanzisha mpango kwa ajili ya watoto wadogo, wale wasiofika miaka minne, ambao baba au mama amepata mtihani. Vidonge, ulevi, maradhi ya akili. Badala ya kadhi kukata shauri siku moja, walikwenda nalo pole pole. Kila wiki mbili wanakaa pamoja: kadhi, wazazi, daktari na mtaalamu wa watoto. Mzazi akienda vizuri anaongezewa muda na mwanawe. Kwanza saa moja, hapo hapo mahakamani, wanaangaliwa. Halafu nusu siku. Halafu mtoto alale kwake. Akiteleza anarudishwa nyuma. Akimdhuru mtoto anatolewa, na mlango ule haufunguki tena.

Walitaka mtu wa kuwakusanya wote hao na kuangalia kisipotee kitu njiani. Mratibu, ndivyo walivyomwita. Nilimuuliza mratibu anafanya nini. Akasema, "Anapiga simu."

Ilikuwa kweli. Jioni ya kuamkia kikao alikuwa akimpigia kila mtu, na asubuhi tena. Alijua "niko njiani" ya nani imetoka garini na ya nani imetoka bafuni. Chumba alichopewa kilikuwa na meza kubwa na viti vya ngozi. Akavitoa. Akatandika zulia, akaweka viti vifupi, na jiko la plastiki la kuchezea. Kadhi, mtu mrefu, alipokaa magoti yalimfika kidevuni. Akasema siku moja hatanyanyuka. Shariffa akamwambia asikhofu, bandarini winchi zipo.

Na mle ndani hakuitwa mtu mdai wala mdaiwa. Ilikuwa baba fulani, mama fulani. Alisema mtoto hujifunza majina kwa kusikiliza.

Mimi nilimpeleka na kumrudisha. Nilikaa ukumbini na chupa ya chai. Tukirudi kwa njia ya bahari, majabali upande huu, maji upande ule, vyote vimepauka kwa joto kama nguo iliyofuliwa sana, alizungumza njia nzima. Lakini kesi za watu hakuzitaja. Nilijua siku ilikwendaje kwa alivyovua viatu tu.

Haya nnayoyaandika aliniambia mwaka aliougua, vipande vipande, mchana, nusu amelala. Pengine mengine aliyaota, na mengine nimeyaota mimi. Majina ya watu wa kesi si yao.

Yaqdhan alikuwa kijana wa hapa hapa Darsait, wazee wake watu wa Unguja kama sisi. Ajali ya gari ilimvunja mgongo. Mgongo ukapona, vidonge vya maumivu vikabaki. Mkewe, Mazoon, ni mtu wa Qurayyat. Kwao Kiswahili hakijapata kusemwa. Alivumilia, akachoka, akaomba talaka, akarudi kwao na binti yao. Binti, Malak, siku nitakayoieleza alikuwa na miaka miwili na miezi.

Yaqdhan akaingia kwenye mpango. Miezi kumi na nne. Alitibiwa, akawa anapimwa kila wiki mbili, hakukosa hata mara moja. Shariffa alisema alikuwa anafika kabla ya mlinzi. Akapewa saa moja, akapewa nusu siku, mwisho Malak akaruhusiwa kulala kwake, Alhamisi kwa Ijumaa, nyumbani kwa mama yake Yaqdhan, Bi Bakhita, ambaye humo ndani husema Kiswahili tu. Wazazi walikuwa wakikabidhiana mtoto kituo cha petroli, njia ya Qurayyat.

Kila Ijumaa jioni, akikabidhiwa kwa mama yake, Malak alilia. Alilia neno moja. Mazoon alisikia "shoka".

Sisi kwetu shoka ni la kupasulia kuni. Waarabu wakisema shoka ni uma, huu wa kulia chakula.

Mazoon akamfunua mtoto. Kwenye paja akaona vidoti vitatu vyekundu, vimepangana mstari mmoja. Shariffa aliniambia, yule mwanamke si mwongo, Suud, usimfikirie hivyo. Ungeona wewe ungeruka ukuta.

Akaenda kwa Balqees, mtaalamu wa watoto. Balqees ni msichana makini, Kiswahili naye hajui. Akakaa na Malak zuliani, akasikia kwa masikio yake. "Shoka. Bibi. Baba." Na machozi. Daktari akasema vidoti huenda ni mdudu, huenda si mdudu. Balqees akaandika ripoti. Aliandika Kiarabu cha skuli, kama inavyotakiwa: mtoto anataja shawka, yaani uma, na nyumba ya baba, kwa kilio. Akashauri Yaqdhan atolewe kwenye mpango.

Karatasi kabla ya kufika kwa kadhi hupita kwa mratibu. Akitia saini, maana yake amesoma na hakuna kilichopungua. Shariffa alisoma mara mbili. Akasaini.

"Niliuona uma," aliniambia. "Niliuona kabisa, na lile paja."

Kikao kilikuwa Jumanne. Jumatatu alirudi nyumbani, akavua viatu, hakusema miguu yangu. Samaki hakumaliza. Akalala. Baridi ya kiyoyozi ilikuwa kali, nikataka kuizima. Alikuwa amefumba macho.

"Usizime," akasema. "Nipe shuka."

N'kampa. Hakulipokea. Mkono wake ulibaki hewani.

"Nimesema nini?"

"Umesema nikupe shuka."

"Sema tena."

"Shuka."

Akakaa kitako. Akanitazama kama mtu anayetazama mbali. Akaniuliza mtoto wa miaka miwili analisemaje neno hilo. N'kamwambia mtoto wa miaka miwili ana u gani na o gani, husema linalotoka. Akaanza kutafuta viatu, saa tisa mchana, mahakama imeshafungwa. Nikamkalisha.

Sasa nnaona ilivyokuwa. Balqees alilisikia neno la mtoto, akaliosha, akalivika nguo za skuli. Likaingia kwenye faili likiwa uma. Shariffa, mtoto wa Malindi, akalikuta limeshavaa, asilijue.

Jumanne tulifika kabla ya kahawa. Kadhi alipotokea ukumbini Shariffa alisimama mbele yake. Nilikuwa hatua tatu nyuma.

"Sheikh, nimesaini kosa. Naomba saa moja kabla ya kikao."

Akamweleza. Kadhi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila ukali, "Bi Shariffa, wewe na baba wa mtoto ni watu wa lugha moja. Watasema umemtetea mwenzako."

"Wataisema hiyo. Ndiyo maana mimi sitaki kusema kitu. Aseme mtoto."

Kadhi akamuuliza kama ameshazungumza na Yaqdhan au mama yake. Akasema hapana, angeuliza nyumba ile angekuwa amewafunza jibu. Alichokuwa nacho ni shuka letu la kitandani, ndani ya mkoba. Shuka la Malak, kama lipo, hajapata kuliona, wala hajui mtoto analitakia nini. Akaomba pia kosa lake liandikwe kwenye faili, likija jema au likija baya. Kadhi akampa saa moja.

Balqees ilimuuma. Alikuwa na mimba ya miezi minane, amechoka, na kazi yake inatiliwa shaka ukumbini. "Khalti," akamwambia, ndivyo alivyokuwa akimwita, mamangu mdogo, "nimesikia kwa masikio yangu."

"Umesikia vizuri, mwanangu. Umeandika vizuri mno."

Malak, aliyekuja na mama yake, aliingizwa ndani; wazazi walikaa nje, kila mmoja upande wake. Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Yaqdhan alikuwa hajaambiwa lililoandikwa, lakini aliona nyuso. Mikono yake aliikalia. Mazoon alisimama kwenye kioo, hakubanduka.

Ndani, Balqees akatandaza vitu vya jikoni vya plastiki zuliani, na uma umo. Malak akauokota uma. Akamlisha mwanasesere. Akamlisha Balqees. Akamlisha kadhi, na kadhi akala. Hakuogopa kitu.

Shariffa akatoa shuka mkobani, akaliweka chini. Hakusema neno.

Malak aliliona. "Shoka," akasema, wazi kabisa, mpaka mimi nje nikasikia. Akamwacha mwanasesere. Akalikunjua yeye mwenyewe, ncha moja moja, akihangaika nalo, maana lilikuwa kubwa. Akajilaza katikati, chali, mikono kifuani. Akangoja.

Wakamtazama. Akangoja. Hakuna aliyefanya kitu. Basi akaanza kulia. "Shoka. Bibi. Baba."

Ni kilio kile kile. Balqees alishika tumbo. Shariffa alisimama kinywa wazi, halafu akacheka peke yake, kama mtu aliyekuta funguo mkononi mwake.

Wanetu watatu tuliwafanyia hivyo. Mtoto analala ndani ya shuka, mmoja anashika ncha mbili za kichwani, mmoja za miguuni, mnambembeza hewani. Nyumba gani ya Unguja hawajui. Lakini inataka watu wawili. Balqees hawezi. Kadhi alitaka kunyanyuka, kiti kikamkatalia. Mlango ukafunguka.

"Suud, weka chai chini. Njoo ushike huku."

Nikamtazama mlinzi. Mlinzi akamtazama kadhi. Kadhi akaitikia kwa kichwa kwamba niingie. Nikavua viatu, nikaingia.

Nilishika ncha za miguuni. Shariffa za kichwani. Tukamnyanyua, si juu sana. Kilio kilikatika palepale, kama redio. Huku. Na huku. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mwepesi kila alipofika mwisho. Taa ya dari ilipita ndani ya shuka, ikaja, ikaenda. Nilimwona Shariffa ng'ambo ya pili, uso wake unasogea, unarudi. Nilisikia kiyoyozi, au bahari, sijui, bahari iko mbali na pale. Malak alitutazama mmoja mmoja, halafu macho yake yakawa mazito. Mikono yangu ilikuwa ya miaka thelathini. Nilijua nikimwangalia sana Shariffa nitakosa mwendo, kwa hivyo niliangalia mtoto.

Baadaye kadhi alisema zilikuwa dakika tano. Mimi bado nimo humo.

Mazoon alikuwa ameshaingia. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Akageuka kwa Yaqdhan aliyekuwa nyuma yake. Mwaka mzima ukumbini mle hakuwa amemwambia neno.

"Mama yako humfanyia hivi?"

"Mimi na mama. Kila Ijumaa, kabla hatujamleta kwako. Kwani kuna nini?"

Akamwuliza khabari ya vidoti. Hapo Yaqdhan akaona haya. Aliangalia chini, akapandisha mkono wa kanzu. Naye alikuwa navyo, vitatu, vimepangana.

"Kunguni," akasema. "Godoro la mama. Hataki kulitupa, anasema limetoka Unguja."

Kadhi alicheka kwanza. Tulicheka wote isipokuwa Yaqdhan. Mazoon alicheka huku analia, na Malak hakuamka.

Kikao kilikuwa kifupi. Yaqdhan akaelezwa kilichoandikwa, akasema angekuwa yeye angefikiri hivyo hivyo. Kadhi akaamua mtoto aendelee kulala kwa baba yake Alhamisi. Na godoro litoke kabla ya Alhamisi. Aliiandika hiyo kwenye hukumu, pamoja na muhuri. Nimesikia Bi Bakhita alilia kuliko siku ya talaka.

Balqees akaandika ripoti upya kwa mkono wake. Kosa la Shariffa nalo likaandikwa, kama alivyoomba. Wakubwa wa mpango hawakulipenda. Mwisho wa mwaka vyeti vya shukrani vilitolewa, chake hakikuwepo. Thabit alikasirika. Mwenyewe alisema ukuta wetu hauna nafasi.

Alichotaka yeye kilikuwa kingine, na alikipata. Tangu siku ile, kwenye mpango, neno la mtoto mdogo likawa linaandikwa kama lilivyotoka kinywani, halioshwi. Maana yake inaandikwa pembeni, na pembeni hapo panaandikwa nani nyumbani kwake anasema lugha gani. Na kwenye orodha ya makabidhiano, ile ya nguo na dawa, ukaongezwa mstari: kitu anacholalia mtoto. Shuka la Malak likawa linakwenda Qurayyat Ijumaa na kurudi Darsait Alhamisi, ndani ya mfuko wa plastiki.

Wiki ya pili baada ya kikao kile tulikuwa garini, tunakwenda Maskati ya zamani, alikuwa na karatasi za kupeleka huko. Asubuhi, ukungu wa joto umekaa juu ya maji, huoni maji yanaishia wapi. Simu yake ikalia. Akaiweka kwenye spika, mikono ilikuwa na karatasi. Alikuwa Mazoon.

Walisalimiana, khabari za nyumbani, za wazee. Mazoon akasema ncha za pili anashika kaka yake, lakini kaka yake anabembeza kama anayekung'uta mkeka. Shariffa akamwambia asimwachie, atamrusha mtoto bahari ya Qurayyat. Halafu Mazoon akauliza.

"Khalti, lile neno lenu nalisemaje? Nataka nilijue kama lilivyo."

Shariffa akamfunza. Si o, ni u. Mdomo uuchongoe mbele. Mazoon akajaribu. Halikutoka. Akajaribu tena. Mara ya nne akalipata, safi, kama mtu wa mjini Unguja.

"Shuka."

Nyuma yake, ndani ya simu, sauti ndogo ikamkatiza. "Shoka," ikasema, kwa hasira. "Mama. Shoka."

Mazoon akarudi kwenye simu. "Nifuate lipi?" akauliza.

Shariffa alizikunja karatasi mapajani. "La mwanao," akasema.